Uzi wa Nyaya za Baruti

Mumbai
2 Septemba 1999

Dada yangu mpendwa,

Uzi wako wa rakhi umenifikia salama. Nimeufunga kwenye mkono wangu wa kulia, mkono ule ule unaozima moto na kutuliza ardhi. Kuanzia leo mimi ni kaka yako na wewe ni dada yangu. Ukipatwa na shida niite, nami nitakuja.

Soma kwa bidii, kunywa maziwa, usiseme uongo.

Kaka yako,
Suryabahu
(Nitazame kila Jumapili, saa sita mchana)


Kusumdih, Jharia, Bihar
13 Septemba 1999

Kaka Suryabahu,

Salamu kwa heshima. Kadi yako imefika na picha yako nimeibandika ukutani, ingawa gundi haikai kwa sababu ukuta wetu una joto. Hilo ndilo ninalotaka kukueleza.

Sina kaka. Tupo wawili tu, mama na mimi. Baba alikwenda Surat kutafuta kazi kwenye viwanda vya nguo, na barua yake ya mwisho ilikuja kabla ya sikukuu ya Holi ya mwaka jana. Kila mwaka siku ya rakhi wenzangu wakifunga nyuzi kwenye mikono ya kaka zao mimi hukaa nikiwatazama. Safari hii nikasema na mimi nitamtumia mtu.

Umeandika nikipatwa na shida nikuite. Shida ipo. Makaa ya mawe chini ya kijiji chetu yanaungua. Yalianza kuungua mama hajazaliwa, lakini zamani moto ulikuwa kule upande wa reli. Sasa umefika kwetu. Sakafu ina joto kama ubavu wa ng'ombe. Mwanzoni nilifurahi, maana wakati wa mvua nguo zilikauka upesi, na kuku wa jirani yetu mama Dulari alihamia kwetu kutagia. Sasa sifurahi tena.

Nina kipimo changu. Nasimamisha kipande cha mshumaa sakafuni katikati ya chumba, bila kukiwasha, halafu natazama kinachukua muda gani kuinama. Jumapili nilikiacha kimesimama nikaenda kwa mama Dulari kutazama kipindi chako. Niliporudi kilikuwa kimeanza kulegea kiunoni. Nitakuandikia kila kikibadilika.

Njoo.

Sonamati Bhuiyan
Darasa la saba


Mumbai
24 Septemba 1999

Dada yangu jasiri Sonamati,

Nimefurahi kupata barua yako. Usiogope! Mtoto mwema haogopi. Waambie wazazi wako na mwalimu wako kuhusu hilo joto, nao watajua la kufanya. Mimi kwa sasa nipo vitani na Mfalme wa Giza (utaona Jumapili ijayo!) lakini moyo wangu uko nawe. Uzi wako mwekundu unang'aa mkononi mwangu.

Usichezee mishumaa ndani ya nyumba. Huo ni mchezo wa hatari na utaniudhi.

Ninakutumia picha nyingine.

Kaka yako,
Suryabahu


Kusumdih
6 Oktoba 1999

Kwako wewe uliyeandika barua,

Nimepata picha. Usinitumie nyingine.

Umesema uzi wangu ni mwekundu. Sikuwa na uzi mwekundu. Uzi wangu niliusuka kwa nyaya za baruti, za njano na za bluu, zile zinazobaki machimboni wakishalipua mwamba. Katikati nilitia kifungo cha shati la baba. Mtu aliyeufunga mkononi hawezi kuuita mwekundu.

Mimi si mtoto wa darasa la kwanza. Najua Suryabahu ni mtu wa kuigiza, na pengine barua zetu hata hajawahi kuziona. Sikumwita ili aruke angani. Lakini kadi inasema "nimeufunga", na kadi haikujiandika yenyewe. Kuna mtu aliyekaa kitini akaiandika. Nataka kujua uzi wangu uko kwenye mkono wa nani, maana huyo ndiye kaka yangu na nina kazi naye. Kama hakuna aliyeufunga niambie upesi nitafute mtu mwingine.

Habari za huku ni hizi. Mshumaa sasa unainama kabla wali haujaiva. Juzi mchana ardhi ilifunguka uani kwa mama Dulari, tundu la ukubwa wa kitanda, na mbuzi wake akaingia. Alilia kidogo tu. Ulitoka moshi mweupe, halafu mama Dulari akaanza kulia yeye, na hakuna mtu aliyethubutu kusogea kuchungulia. Mimi nilisimama nimeshika nguzo ya mlango wetu, nikajiuliza kwa nini nashika nguzo wakati nguzo nayo imesimama pale pale ninaposimama mimi.

Mama hataki tulizungumze. Ameacha tu kutembea peku ndani ya nyumba.

Sonamati


Mumbai
16 Oktoba 1999

Mdogo wangu Sonamati,

Jina langu ni Moreshwar Padhye. Nina miaka hamsini na saba. Kwa miaka thelathini nilichambua barua posta, na nilipostaafu nikapata kazi hapa studio, ya kujibu barua za watoto kwa jina la Suryabahu. Mezani nina kalamu ya bluu, picha zake elfu moja, na orodha ya majibu niliyopewa. Kuna jibu la mtoto mgonjwa, jibu la mtoto aliyefeli, jibu la mtoto anayetaka kuruka. La mtoto ambaye sakafu yake inaungua halimo.

Uzi wako haukufungwa. Mwaka huu nyuzi zilijaza magunia kumi na saba. Tulizimimina humo bila kuzitazama, magunia yakapelekwa ghala la mavazi, kadi zikapigwa chapa na mimi nikaandika majina kwenye bahasha. Sikuona vibaya. Niliona ni furaha tu ya watoto, na kwamba furaha haina haja ya kuwa kweli. Barua yako nimeisoma nimesimama.

Kwa hiyo nimekuwa nikibaki baada ya kazi na kupekua magunia. Siku ya nne, gunia la tisa, nilivuta fundo la nyuzi za hariri zilizonasana, na kilichozinasa kilikuwa waya wa njano na wa bluu, na kifungo cheupe chenye matundu manne. Nimeufunga leo, mkono wa kulia. Unachoma kidogo pale nyaya zilipokutana, lakini sitauvua.

Nilipomaliza kuufunga niliogopa. Nitakwambia ukweli kwa sababu ninadaiwa ukweli mwingi: mimi ni mtu mwoga. Sijawahi kuvuka mji wa Nagpur. Lori likipita barabarani na ngazi za hapa tunapopanga zikatikisika, mimi humshika mkono mtu yeyote aliye karibu. Nakuomba usiniambie nije. Niambie nimwandikie ofisa gani, nitamwandikia kila siku mpaka anichukie. Na nyinyi tokeni kwenye nyumba hiyo leo hii.

Hiyo kazi uliyo nayo ni ipi?

Moreshwar Padhye


Kusumdih
24 Oktoba 1999

Kaka Moreshwar,

Nimekuita kaka, usishtuke. Umeufunga mwenyewe.

Unasema tutoke. Twende wapi? Hatuna ndugu popote. Kampuni ya machimbo imejenga vyumba vipya ng'ambo ya mto kwa watu wa huku kwetu, na chumba chetu kipo kwenye orodha, namba arobaini na tatu. Lakini ofisa wa vyumba anataka sahihi ya mwanamume: mume, au mwana mtu mzima, au kaka wa mke. Mwanamke peke yake hampi. Mama amekwenda mara tatu. Mara ya tatu ofisa alimwambia, "Mama, unanichosha. Mume yuko wapi?" Mama akasema yuko Surat. "Basi mlete." Mama akasema haji. "Basi lete kaka." Akasema hana. Yule ofisa akacheka, akasema, "Kumbe wewe ulidondoka tu kutoka mbinguni!" Watu kwenye foleni nao wakacheka. Mwisho wa kutia sahihi ni tarehe kumi Novemba, baada ya hapo chumba kinapewa wengine.

Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Huna haja ya kuzima moto. Tia sahihi tu.

Usimwandikie ofisa. Barua anazo nyingi, anazikalia.

Nimeshapanga. Siku ya pili baada ya sikukuu ya Diwali, tarehe tisa, ni siku ya dada kumpaka kaka alama nyekundu kwenye paji la uso na kumlisha. Ukifika siku hiyo mama atakupaka, na akishakupaka wewe ni kaka yake mbele ya kila mtu, ofisa atake asitake. Kesho yake tunakwenda ofisini.

Tatizo ni mama mwenyewe. Anasema hawezi kumwita kaka mtu asiyemjua, na kwamba tukihama baba akirudi atatukuta wapi. Nimemwambia baba akirudi atakuta shimo. Alinipiga kofi, halafu akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Hilo niachie mimi.

Mshumaa sasa unainama wakati nasuka upande mmoja tu wa nywele.

Umesema wewe ni mwoga. Mimi pia naogopa, kaka, ila mimi naogopea humu ndani.

Dada yako,
Sonamati


Mumbai
1 Novemba 1999

Mdogo wangu Sonamati,

Nimekata tiketi. Naondoka Jumamosi tarehe sita jioni, nafika Dhanbad Jumatatu, nitalala kwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni. Asubuhi ya tarehe tisa nitakuwa Kusumdih.

Nilimwomba mkuu wangu ruhusa, nikamwambia pia kwamba kwenye kadi tuondoe neno "nitakuja". Alinitazama kama niliyechanganyikiwa. "Padhye, wewe umeshaanza kujiona Suryabahu? Vazi lake limekubana nini?" Wenzangu walicheka sana. Nikamwonyesha barua zako. Akaacha kucheka, lakini ruhusa hakunipa. Alisema nikienda nisirudi.

Nimenunua ramani ya mkoa wenu. Naona basi linashusha watu upande wa hekalu, halafu kuna mzunguko mrefu. Ila kuna uwanja wa reli ya zamani unaokatiza moja kwa moja mpaka kwenu, nusu ya safari. Nitapita hapo, magoti yangu hayapendi mizunguko.

Naogopa tangu sasa. Nimekula mara moja tu leo. Lakini kila nikitaka kurudisha tiketi huu waya unanichoma.

Kaka yako,
Moreshwar


Kusumdih
6 Novemba 1999

Kaka Moreshwar,

USIPITE UWANJA WA RELI.

Barua yako imefika sasa hivi, saa tano asubuhi, na leo ndiyo siku unayopanda treni. Nimekimbia posta. Karani amesema hata telegramu haitakukuta, na kesho Diwali wamefunga. Najua barua hii utaisoma ukirudi, au hutaisoma kabisa. Naandika hivyo hivyo kwa sababu siwezi kukaa.

Ramani yako ni ya zamani. Uwanja wa reli ndipo moto ulipoanzia. Juu panaonekana udongo mkavu na majani ya njano, chini ni pango la majivu. Wiki mbili zilizopita lori tupu liliingia pale na dereva wake, na mpaka leo wamepata kofia tu. Sisi hatupiti, hata mbwa hawapiti. Wameweka kamba na kibao, lakini kamba imeungua na kibao wamekifanya kuni.

Ni kosa langu. Nilikwambia habari za ofisa, habari za mshumaa, habari za mama, sikukwambia njia. Huku kila mtu anajua njia tangu anapoanza kutembea, sikuwaza kama kuna mtu asiyejua.

Jana nyumba ya mama Dulari imetitia upande mmoja. Yeye alikuwa kisimani. Sasa ni sisi tu mtaa huu.

Mama amenikataza kwenda kukungoja hekaluni, kwa hiyo tarehe tisa nitakaa ukingoni mwa uwanja kuanzia alfajiri. Nitapiga kelele. Kaka, ukisikia mtu anapiga kelele, simama.

Sonamati


Chumba namba 43, ng'ambo ya mto
21 Novemba 1999

Kaka Moreshwar,

Natumaini umefika salama na magoti yametulia. Mlangoni umekuta barua yangu ya tarehe sita. Kama umeifungua, basi unajua. Kama hujaifungua, kaa chini kwanza, maana nataka kukwambia jambo ambalo siku ile sikuweza.

Wewe unakumbuka kwamba ulikuja, ukaniona, nikapiga kelele za furaha, ukanipungia mkono. Hazikuwa za furaha. Nilikuona ukitokea upande wa pili wa uwanja wa reli, na boksi lako la vitafunio vitamu vya ladu kwapani, ukitembea taratibu kama mtu wa matembezi ya jioni. Nililia "Simama! Simama!" na upepo ukaichukua sauti yangu. Wewe ukainua mkono wa kulia juu, ukavuta shati, ili nione uzi. Ukatabasamu. Ukazidi kuja.

Sikuweza kukufuata. Mama alikuwa amenifuata pale ukingoni kunigombeza, kwa sababu mpaka asubuhi ile alikuwa anasema hampaki mtu. Alikuona naye. Alinishika bega, na kucha zake zimeniachia alama ambayo bado ipo.

Ulipofika karibu na behewa moja bovu lililoachwa pale uwanjani, hatua tatu nyuma yako ardhi iliingia ndani. Haikulia sana, ilipumua tu, na moshi ukatoka. Wewe hukugeuka. Ulifika kwetu, ukatupa salamu, ukasema, "Mbona huku kuna harufu ya mayai yaliyooza?" Halafu ukatazama kiatu chako ukashangaa soli imeyeyuka.

Mama alikimbilia ndani, akatoka na kisahani cha rangi nyekundu, akakupaka pale pale nje, kwa haraka mpaka rangi ikashuka puani. Wewe ulidhani ndiyo desturi yetu, kupakana nje kabla mgeni hajanywa hata maji. Siyo desturi. Jioni nilimuuliza mama mbona alibadilika ghafla. Akasema, "Mjinga huyu kaja mpaka hapa kwa miguu yake, juu ya moto. Yule wa kwetu hata barua." Halafu akalia, na kwa mara ya kwanza alilia kama mtu ambaye hamngojei tena mtu.

Ya ofisini uliyaona mwenyewe, lakini nayaandika kwa sababu napenda kuyakumbuka. Yule ofisa alikutazama juu mpaka chini. "Huyu ndiye kaka? Mbona anaongea kama mtu wa Mumbai?" Wewe ulikuwa unautazama mlango, nilidhani utakimbia. Mama akasema, "Kahamia. Wewe huna ndugu aliyehamia?" Ofisa akasema, "Mama, usinifanye mtoto." Ndipo mama akakushika mkono, akaupandisha mezani kwake, juu ya mafaili yake. "Huu uzi kafungwa na nani, kafungwa na wewe?" Ofisa akainama akautazama. "Hizi si nyaya za machimboni?" Mama akasema, "Ndiyo. Za kwetu." Ofisa akakusukumia kalamu. Herufi zako ni nzuri, kaka. Nilizijua, ni zile zile za kwenye bahasha ya kadi.

Nyumba yetu imekwenda Jumatano, tarehe kumi na saba, saa nne asubuhi. Siku hiyo mama alikuwa njiani kwenda kuchukua mlango, maana ni mlango mzuri wa mbao ngumu, baba aliutengeneza mwenyewe. Alikuwa amefika hekaluni. Kabla hatujahama aliandika ukutani kwa makaa namba ya chumba hiki kipya, tarakimu kubwa, ili baba akirudi asome. Ukuta nao umekwenda. Mama alirudi mikono mitupu akachambua dengu.

Sijazoea huku. Sakafu ni ya baridi mpaka mifupa inauma, na usingizini naamka kuigusa. Nikikuta baridi naogopa kwamba sijaigusa vizuri, naigusa tena.

Mama anauliza umepata kazi nyingine? Anasema usiwe na aibu, kuna duka la vitabu na madaftari hapa sokoni linatafuta mtu mwenye mwandiko, na kaka halali nje akiwa na dada.

Leo Jumapili. Ilipofika saa sita watoto wote wa hapa walikimbilia kwenye televisheni kumtazama Suryabahu. Mimi nilikuwa nataka kwenda, mama akaniambia, "Lete ule mshumaa wako." Nikampa kipande. Akakisimamisha mwenyewe katikati ya chumba, akakaa chini, akajifunika shali, akakitazama. Nikakaa naye.

Kipindi kimekwisha, nimesikia wimbo wake. Watoto wamerudi. Sasa ni saa tisa na barua hii naimaliza. Mshumaa umesimama wima. Nimemwambia mama, "Basi, twende tukale," na mama amesema, "Ngoja kidogo."

Dada yako,
Sonamati